Ua la Siku Moja

Kwa nini ua la bamia linafanana sana na ua la pamba? Na lile la manjano la porini, linalomea kando ya njia bila mtu kulipanda, mbona nalo lina sura ileile? Wakulima hujiuliza hivi mara nyingi kuliko wanafunzi, kwa sababu wao huyaona maua haya kwa karibu, asubuhi moja, katika shamba moja. Swali la pili huja nyuma yake: mbona yote hunyauka upesi hivyo?

Pajulu ni mahali pazuri pa kutafutia jibu. Ni eneo la pembeni mwa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Kongo. Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, lakini nyuma ya majiko mengi ya Pajulu bustani bado zipo: muhogo, karanga, ufuta, mstari wa bamia, na pengine vichaka viwili vitatu vya rosela, ile yenye vikombe vyekundu vya kutengenezea juisi. Njiani kuna mmea mgumu wenye maua madogo ya manjano ambao watu huung'oa, wakaufunga, wakafagilia uwanja. Ukishuka upande wa Nebbi na Pakwach, kuelekea Mto Nile, utakuta na pamba.

Jibu fupi la swali la kwanza ni kwamba mimea hiyo minne ni ndugu wa ukoo mmoja. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike sura hii. Huu ni ukoo unaojua kuishi na ukame, na mengi tunayoyachukua kwake, kuanzia utelezi wa mboga hadi ukaidi wa mbegu, ni njia zake za kuvuka kiangazi.

Lipasue ua moja

Chuma ua la bamia kabla ya saa nne asubuhi, maana baadaye litaanza kujikunja. Lishike kwa kikonyo na ulitazame kutoka juu. Utaona petali tano, yaani majani laini yenye rangi, za manjano yaliyopauka, na katikati kabisa doa la zambarau iliyoiva karibu kuwa nyeusi. Petali hizo zimelaliana: kila moja imefunika ukingo wa mwenzake upande mmoja na kufunikwa upande wa pili. Ukitafuta tumba ambalo halijafunguka utaona zimesokotana kwa mzunguko huohuo.

Sasa zing'oe petali moja moja. Kitakachobaki kimesimama katikati ndicho kitambulisho cha ndugu wa karibu wa bamia, pamba na rosela: nguzo nyembamba iliyozungukwa na vijiti vifupi vyenye vichwa vya unga, mfano wa brashi ya kuoshea chupa. Vijiti hivyo ni stameni, viungo vya kiume vya ua, na ule unga ni chavua. Katika maua mengi stameni husimama kila moja peke yake. Hapa zimeungana chini zikawa mrija mmoja, na ndani ya mrija huo hupita shingo ya kiungo cha kike, ambayo hutokeza juu na vichwa vidogo vyekundu vilivyoiva vyenye manyoya kama vinyweleo vya kitambaa kizuri. Chavua ikitua pale, mbegu huanza kutungwa chini.

Pasua na hapo chini kwa ukucha. Bamia changa imo tayari, ndogo sana, na vyumba vyake vya mbegu vimeshajipanga. Ute utakugusa vidole papo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Chini ya ua, nje ya kikombe cha kijani kinachoshika petali, bamia ina vijani vyembamba vilivyojipanga duara, kama kikombe cha pili. Kwenye pamba vijani hivyo ni vitatu tu, vipana, vyenye meno marefu, navyo hulifunika tumba mpaka lifunguke. Kwenye rosela ni kikombe chenyewe kinachonenepa na kuwa chekundu baada ya ua kuanguka, na hicho ndicho tunachokichuma tukidhani ni ua. Mmea wa ufagio hauna kikombe cha pili kabisa, kwa hiyo alama hii inasaidia lakini si sharti.

Vitabu vingi vya baiolojia katika shule zetu huchora ua la haibiskasi, lile jekundu la kwenye ua wa nyumba, kuwa mfano wa ua. Ni chaguo zuri, kwani lina kila kitu na ni kubwa. Kinachonisikitisha ni kwamba mtoto hulichora, akaliandikia majina ya viungo, akapata alama zake, halafu akarudi nyumbani kula bamia bila mtu kumwambia kwamba amekula ndugu wa mchoro wake.

*Kwa ufupi.* Ukitaka kumtambua ndugu wa karibu wa bamia, tafuta:

- petali tano zilizolaliana kwa mzunguko;
- stameni zilizoungana kuwa mrija kuzunguka shingo ya ua;
- ute ukivunja shina, jani au tunda;
- gome linalochunika kwa nyuzi ndefu badala ya kukatika.

Ukoo mpana kuliko tunavyodhani

Wataalamu wa mimea huuita ukoo huu Malvaceae, nao una aina zaidi ya 4,000 duniani. Zamani ulikuwa mdogo. Mbuyu, msufi, kakao na mlenda viliwekwa katika koo nyingine tatu mpaka miaka ya 1990, wakati uchunguzi wa vinasaba, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe hai, ulipoonyesha kwamba koo hizo nne ni moja. Kwa hiyo kakao ya Bundibugyo, duriani ya Zanzibar, mibuyu ya Dodoma na bamia ya Pajulu ni jamaa, ingawa wa mbali.

Onyo moja kabla hatujaenda mbele. Kuna mmea unaouzwa sana kwenye vitalu vya maua, wenye shina nene lililovimba na maua ya waridi, ambao watu huuita waridi la jangwani. Huo si wa ukoo huu. Ukiukata hutoa maziwa, na maziwa hayo ni sumu iliyowahi kutumiwa kwenye mishale. Ukoo wa bamia hutoa ute usio na rangi, hautoi maziwa.

Ndugu wa jangwani

Pajulu si jangwa. Iko juu ya mita elfu moja na mia kadhaa kutoka usawa wa bahari, na mvua ikianza mwishoni mwa Machi huendelea, kwa kupungua na kuongezeka, hadi Novemba. Lakini kuanzia Desemba mpaka katikati ya Machi mambo hubadilika. Nyasi hukauka, moto hupita vilimani, vumbi hukaa juu ya kila jani. Mmea usio na mbinu hufa. Ili kuzielewa mbinu hizo vizuri inafaa kuwatazama ndugu ambao kwao kiangazi ndicho kawaida na mvua ndiyo mgeni.

Kusini-magharibi mwa Marekani, katika majangwa ya Mojave na Sonora, humea mmea mdogo wa ukoo huu ambao mwaka mwingine hauonekani kabisa. Mvua ya majira ya baridi ikinyesha ya kutosha, huchipuka kati ya mawe, ukakua haraka, ukatoa maua ya waridi iliyopauka. Kila petali ina doa moja jekundu la kuiva, na kwa kuwa petali ni tano, watu wa huko huliita ua la madoa matano. Kwa wataalamu ni *Eremalche rotundifolia*. Petali zake hazitandazwi wazi, hukunjamana juu zikawa kama taa ya mviringo yenye mdomo mdogo. Jioni hufunga.

Kinachonivutia zaidi kwake ni majani. Watafiti walioupima mmea huu waligundua kwamba majani yake hulifuata jua. Asubuhi hugeukia mashariki, adhuhuri hulala bapa, alasiri hugeukia magharibi, na usiku hurudi kusubiri. Kwa mmea ambao una wiki chache tu za unyevu kabla udongo haujakauka, kila saa ya mwanga ina thamani. Unakula jua lote unaloweza, unafunga mbegu, unakufa.

Hapa msomaji wa Pakwach anaweza kuthibitisha mwenyewe bila kwenda Marekani, kwa sababu pamba hufanya vivyo hivyo. Simama shambani saa mbili asubuhi wakati mimea ni michanga na udongo una unyevu, uangalie sura za majani zimeelekea wapi. Rudi saa kumi jioni.

Katika majangwa hayohayo ya Marekani kuna ndugu mwingine, kichaka cha maua ya rangi ya chungwa cha jamii ya *Sphaeralcea*. Huyu haishi mwaka mmoja, hudumu kwa miaka. Silaha yake ni vinyweleo. Kila jani limefunikwa vinyweleo vilivyotawanyika matawi kama nyota, vingi mpaka kijani kinageuka kijivu. Vinyweleo hivyo hurudisha sehemu ya jua na kuzuia upepo usinyonye unyevu wa jani, na ukilishika jani halafu ukajipangusa jicho, utawashwa vibaya. Ndani ya maua yake hulala nyuki wadogo wa jamii ya *Diadasia*, ambao hawana mzinga. Dume huingia jioni, ua likajifunga kidogo kumzunguka, asubuhi anatoka amejaa chavua. Sasa chukua jani la bamia ulishikashike. Ule ukwaruzo unaowafanya wavunaji wafunike mikono ni vinyweleo pia.

Na si lazima tuvuke bahari kuwapata ndugu wa jangwani. Katika nyika kavu za kaskazini mwa Kenya, na tena Oman ng'ambo ya bahari, humea *Hibiscus micranthus*, kichaka chembamba cha maua meupe yasiyozidi upana wa ukucha wa kidole gumba sana, ambayo hugeuka waridi yanapozeeka. Petali zimepunguzwa mpaka kiasi cha kumwita mdudu tu. Haibiskasi ya nyumbani inayomwagiwa maji kila jioni inaweza kujitanua kama sahani. Huyu hana maji ya kuchezea.

Kwa nini siku moja tu?

Petali ni kiungo ghali. Ni pana, ni nyembamba, hazina ngozi ngumu kama ya jani, na hupoteza maji muda wote zinapokuwa wazi. Hazitengenezi chakula. Kazi yake ni moja: kuvuta mdudu aje na chavua. Nyuki wakiwa wengi asubuhi na jua likiwa kali mchana, hesabu ya mmea iko wazi. Fungua mapema, pokea wageni, funga kabla joto halijapanda, kesho fungua tumba jingine.

Bamia huenda kwa utaratibu huo kwa wiki nyingi. Kwenye shina moja kwa kawaida utakuta ua moja lililo wazi, chini yake tunda changa, na juu yake tumba la kesho na la keshokutwa. Ua likishajifunga siku hiyohiyo, petali hujiviringa, na siku inayofuata huanguka pamoja na kile kikombe cha kijani, kilichopasuka upande mmoja. Tunda huwa tayari kuchumwa kati ya siku nne na saba baadaye. Ndiyo maana anayelima bamia hawezi kusafiri na kuacha shamba bila mtu: akikawia, nyuzi zimeshakomaa ndani ya tunda na hakuna jino litakaloshinda.

Pamba huongeza hatua moja. Ua lake hufunguka likiwa jeupe la krimu, na siku ya pili huwa la waridi, kisha jekundu, ndipo likaanguka. Shamba la pamba lililo katika kuchanua lina maua ya rangi mbili kwa sababu hiyo, wala hakuna mbegu mbili zilizochanganywa.

Mmea wa ufagio, ambao ni wa jamii ya *Sida*, ni bahili zaidi. Husubiri jua lipande kidogo, hufungua maua yake ya manjano yasiyofika upana wa sarafu, na mchana huwa umeyafunga. Aliyepita njia hiyo alfajiri na kurudi jioni anaweza kuapa kwamba mmea huo hautoi maua.

Mbuyu nao hufuata sheria hiyo, ila umegeuza saa. Ua lake jeupe kubwa hufunguka jua linapozama, hupokea popo usiku, na kesho yake huwa limeanguka chini.

Je, lile doa la katikati lina kazi gani? Ni alama ya kumwonyesha mdudu pa kutua, maana nekta, maji matamu anayoyafuata, iko chini ya petali. Mwaka 2009 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichunguza *Hibiscus trionum*, ua la ukoo huu linalodumu kwa saa chache tu, lenye petali za krimu na moyo mweusi. Waligundua kwamba juu ya sehemu nyeusi kuna mistari midogo mno, isiyoonekana kwa jicho, inayovunja mwanga ukatoa rangi za upinde wa mvua. Walipowajaribu nyuki wa aina ya bambi, waliona kwamba nyuki hao hujifunza kuitambua alama hiyo. Ua lenye saa chache za kuishi haliwezi kumwacha mgeni atangetange.

*Kwa ufupi.* Kufa mapema kwa ua la bamia si udhaifu. Mmea unalipa gharama ya ua moja kwa saa chache, ukabaki na maji ya kujazia tunda.

Utelezi jikoni

Ute wa bamia na mlenda ni minyororo mirefu ya sukari inayoshikilia maji na kukataa kuyaachia. Ndani ya mmea husaidia kutunza unyevu na kuziba jeraha. Ndani ya sufuria hufanya kazi hiyohiyo, hushika maji ya mchuzi. Wapishi wanajua kuuongoza. Anayetaka uvutike huongeza magadi, au maji yaliyochujwa kwenye majivu, kwa kuwa hivyo huulegeza ute utoke upesi. Anayetaka bamia kavu huikausha kwanza kwa kitambaa, huikata ikiwa haina maji, huikaanga, kisha huongeza ndimu au nyanya, maana uchachu huukata ute. Nimesikia watu wakibishana kama bamia ifaayo ni ya utelezi au isiyo nao. Kwa chakula cha muhogo au mtama, mimi naona utelezi ndio wenyewe, kwa kuwa tonge kavu linahitaji kitu cha kulisindikiza.

Katika wilaya za West Nile, ukanda ambamo Arua ipo, mboga hizi zilipata uzito mpya baada ya Julai 2016, vita vilipolipuka tena Juba, Sudan Kusini. Agosti 2017 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda wamefika milioni moja. Wengi walipokelewa Bidi Bidi, Rhino Camp na Imvepi. Familia iliyopewa kiwanja cha mita 30 kwa 30, na hapo hapo nyumba, jiko na choo, haiwezi kupanda muhogo wa kungoja mwaka. Inahitaji mboga ya mwezi mmoja au miwili. Mlenda, ambao watu wa Juba huuita kudra, na bamia ndizo mboga za namna hiyo, na majani yake yana chuma na ile rangi ya kijani iliyoficha viini ambavyo mwili huvigeuza vitamini A. Bamia ikizidi hukatwa vipande, huanikwa, husagwa, na unga wake hutunzwa kwa ajili ya miezi mikavu. Watu wa Sudan huuita waika. Kijiko kimoja huufanya mchuzi uwe mzito wakati ambapo hakuna jani bichi shambani.

Waacholi na Walango wana malakwang, majani machachu ya jamii ya rosela. Huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa kupunguza ukali, kisha huungwa kwa karanga au ufuta uliosagwa na kuliwa na viazi vitamu. Ni mboga ya heshima. Sudan kwa upande wake inajulikana duniani kwa vikombe vya rosela vilivyokaushwa, karkade, ambavyo hunywewa vya moto na vya baridi.

Pamba na binamu yake wa porini

Mbegu za pamba zilizoanzisha biashara ya pamba Uganda zilisambazwa kuanzia mwaka 1903 na Kenneth Borup wa Uganda Company, kampuni iliyozaliwa na wamisionari wa Kianglikana. Zao hilo likajenga reli, viwanda vya kuchambulia na vyama vya ushirika. Wachache waliolima walijua kwamba kila uzi wa pamba ni chembe hai moja tu: unywele uliotoka kwenye ganda la mbegu ukarefuka mpaka kufika karibu sentimita tatu.

Mwaka 1949 Joseph Hutchinson, mtaalamu wa ukoo wa pamba, alichukua uongozi wa kituo cha utafiti cha Namulonge, karibu na Kampala, akakaa hapo hadi 1957. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Lee walichapisha maelezo ya pamba mwitu ambayo ilikuwa bado haijapewa jina la kitaalamu, iliyotoka Tanganyika ya kati. Waliiita *Gossypium longicalyx*. Mbegu zake hazina pamba ya kusokotwa, kwa hiyo mkulima hangekuwa na sababu ya kuitazama mara mbili.

Miongo kadhaa baadaye wakulima wa pamba wa kusini mwa Marekani walikuwa wakihangaishwa na minyoo midogo ya udongoni inayokula mizizi. Watafiti walipopima pamba za dunia, mmea huohuo wa nyika za Afrika Mashariki ndio uliokuwa na kinga imara. Kuihamisha kinga hiyo kulikuwa kazi ngumu, kwa kuwa pamba ya mashambani ina kromosomu 52, yaani mafungu 52 ya vinasaba, na ile ya mwitu ina 26. Watoto wa ndoa ya namna hiyo huwa tasa. Ilibidi wapitie pamba nyingine za kati, na mwaka 2007 wakatoa mbegu zenye kinga, wakaziita LONREN. Hazikuwa tiba kamili, maana kwenye udongo wenye minyoo mingi mimea yake ilidumaa, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Ninapoona kingo za mashamba zikipuliziwa dawa ya magugu mpaka udongo unabaki mtupu, ninaumia kwa sababu hii. Hakuna aliyejua mwaka 1958 kwamba kichaka kisicho na pamba kina kitu ambacho mkulima wa pamba atakihitaji.

Undugu una upande wake mchungu pia, na mkulima lazima aujue. Kangambili, mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi anayefyonza mbegu za pamba na kuchafua nyuzi, hula bamia, hula mbuyu, hukaa kwenye mmea wa ufagio. Ndugu wakipandwa kwa zamu, adui halali njaa. Kwa hiyo palipokuwa na pamba au rosela msimu uliopita usipande bamia. Panda mahindi au mtama. Na mashina ya pamba yang'olewe na kuchomwa msimu ukiisha.

Mbegu inayokataa kuota

Hii ndiyo sehemu ya ukoo huu inayonishangaza kuliko zote. Mwaka 1879 profesa mmoja wa Michigan, William Beal, alijaza mbegu za mimea 21 kwenye chupa 20, hamsini za kila aina, akazifukia ardhini. Alitaka kujua mbegu za magugu hudumu muda gani. Yeye alikufa, waliomfuata wakaendelea kufukua chupa moja moja. Mwaka 2000, baada ya miaka 120, chupa iliyofukuliwa ilikuwa na mbegu karibu zote zilizokufa. Zilizoota zilikuwa 26 tu. Moja kati yake ilikuwa ya *Malva*, mmea uleule ulioupa ukoo huu jina.

Siri iko kwenye ganda. Mbegu nyingi za ukoo huu zina ganda lisilopitisha maji kabisa, lenye sehemu moja ndogo tu inayoweza kulegea kuwa mlango. Mbegu inaweza kulala katika udongo wenye unyevu na isipate hata tone. Jangwani hii ni bima, kwa kuwa mvua ya kwanza inaweza kuwa ya uongo, na mbegu zote zikiota kwa pamoja zingekufa kwa pamoja. Ganda hulegea kidogo kidogo, kwa joto la mchana na baridi ya usiku, kwa joto la moto wa nyika uliopita juu, kwa kukwaruzwa na mchanga. Kila mwaka zinaamka chache.

Mkulima hana muda wa kusubiri, na wapanda mlenda wanayo dawa. Mbegu za mlenda zilizovunwa karibuni hutiwa kwenye kitambaa chepesi na kufungwa fundo. Maji huchemshwa, sufuria hutolewa motoni, na fundo huzamishwa kwa sekunde chache tu, kisha hutumbukizwa haraka kwenye maji baridi. Ukizidisha, umezipika. Mbegu hutandazwa kivulini zikauke juu juu, huchanganywa na mchanga mkavu kwa kuwa ni ndogo mno kumwagwa kwa vidole, na hupandwa siku hiyohiyo kwenye kitalu kilichokwisha kumwagiwa maji. Zisizozamishwa huota moja moja kwa miezi, nyingine msimu unaofuata, wakati mwenye shamba ameshapanda kitu kingine. Zilizozamishwa huchomoza karibu zote ndani ya wiki moja, na majani ya kwanza huchumwa baada ya wiki nne hadi sita. Acha mashina mawili matatu mwishoni mwa kitalu bila kuyachuma, yakomae na kukaukia hapohapo, uwe na mbegu za mwaka ujao.